Sabuni Katika Maji ya Matoneni

Zilipa aliondoka Jumamosi, siku ya kufua. Asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika, jambo ambalo kwetu Tukuyu halitokei kila siku, kwa hiyo alitoa nguo zote nje, hata zile ambazo hazikuwa chafu. Mimi nilikwenda kituoni kupima majani ya chai ya wakulima kama kawaida. Aliniagiza chumvi. Nilirudi nayo mchana nikakuta majirani wamesimama uani, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kunisalimia. Walisema alianguka karibu na jiwe la kufulia, wakampakia kwenye pikapu ya mtu aliyekuwa anapita. Nilipofika hospitali alikuwa ameshafariki.

Jioni, watu walipokuwa wakipanga viti na kuwasha moto wa msiba, nilizunguka nyuma ya nyumba. Nusu ya nguo ilikuwa kwenye kamba, nusu bado kwenye beseni. Juu ya jiwe kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche, bado kina unyevu. Zilipa alikuwa na tabia ya kuibana sabuni kwa dole gumba upande mmoja, na kila kipande alichokitumia kilibonyea pale pale. Hiki nacho kilikuwa na kibonyeo. Nilikichukua nikakiweka mfukoni, pamoja na chumvi.

Watu walikuja, wakakaa, matanga yakaanuliwa, wakaondoka. Hiyo ndiyo desturi na siwalaumu. Baada ya hapo nyumba ikabaki na sauti ya mvua juu ya bati. Sabuni niliiweka kwenye kisahani dirishani. Nikitoka kazini nilikuwa naingiza dole gumba langu kwenye kile kibonyeo. Halikuenea. Dole langu ni nene.

Atuganile, mdogo wake Zilipa, ndiye aliyekuja kunitazama mara kwa mara. Siku moja alinikuta nimekaa mbele ya dirisha.

"Shemeji, unaongea na sabuni."

"Siongei nayo."

"Basi unaisikiliza. Hiyo ni mbaya zaidi."

Aliniambia amesikia habari za nchi inayoitwa Matoneni, ambako wanatibu msiba. Hawatoi vidonge wala hawapigi sindano. Wanachukua kitu chenyewe kinachokuumiza, wanakipunguza ndani ya maji, kisha wanakunywesha, na kilichokuumiza ndicho kinakuponya. Nilimwuliza nani aliyepona. Alisema hamjui mtu, ila amesikia kwamba ni wengi.

"Utakufa hapa dirishani," alisema. "Nenda tu, shemeji. Kama ni uongo, angalau utakuwa umetoka nje."

Njia ya kwenda Matoneni sitaieleza. Anayeihitaji huiona, na asiyeihitaji hata akielekezwa atajikuta amerudi nyumbani kwake. Mimi niliiona bila shida.

Matoneni ni nchi safi na pana. Barabara zake ni kubwa na hazina watu. Maduka yenye sifa ni yale yasiyo na bidhaa, na lile linaloheshimiwa kuliko yote halina hata rafu. Juu ya lango la nchi imechongwa sheria yao ya kwanza, lakini imechongwa kwa kugusagusa tu, hivi kwamba haisomeki. Ilibidi mlinzi anisomee kwa kichwa: "Kinachopungua ndicho kinachozidi."

Nilimsalimia mlinzi huyo kama ninavyowasalimia wazee wa kwetu. "Shikamoo, Mheshimiwa."

Aliinamisha kichwa. "Usinitangaze mbele za watu, baba. Najua mimi ni nani."

Nikaja kuelewa baadaye. Huko vyeo ni vya watu wa chini. Mlinzi yule jina lake kamili ni Mheshimiwa Mtukufu Daktari Kamanda Mlezi wa Lango, na analibeba jina hilo kama gunia. Mtu akipanda kazini, anapunguziwa cheo kimoja. Karani mkuu ana kimoja tu. Walio juu kabisa hawaitwi kitu chochote. Ukikutana nao unakohoa kidogo, nao wanakohoa, na hiyo ni heshima kubwa.

Nilipata chumba kwa mjane mmoja, Mama Kadimba, mwanamke mrefu aliyekuwa akitembea kwa kujiegemeza ukutani ingawa hakuwa na ugonjwa wa miguu. Aliniketisha, akaweka mbele yangu kikombe cha maji ya moto. Kisha akafungua kijaluba, akatoa jani moja la chai kwa kibanio, akalionyesha maji, akalirudisha.

"Karibu chai, baba."

Maisha yangu yote nimepima chai. Nilitazama kikombe kile. "Ni kali?" nikauliza.

"Kali sana. Hiyo ni ya wageni wa heshima. Ningekuwa nakudharau ningelitumbukiza."

Chakula cha jioni kilikuwa sahani iliyowahi kuwa na wali. Nilishukuru, nikaenda chumbani, nikakaa kitandani na njaa yangu. Haukupita muda nikasikia harufu ya maharage. Nikadhani ni njaa inayonichezea. Kisha mlango ukagongwa kwa ukucha.

"Unakula maharage?" Mama Kadimba alinong'ona.

"Nakula."

"Basi njoo jikoni, upite upesi, na mlango uufunge. Mimi ni mtu duni, baba. Nimejaribu kuacha kula, nimeshindwa."

Jikoni kulikuwa na chungu kizima, na ndizi zimepikwa pamoja na maharage kama kwetu. Alipakua sahani tatu. Moja yangu, moja yake. Ya tatu aliiweka upande wa ukutani, akaijaza kama zile nyingine, akaanza kula. Niliangalia mlango nikidhani kuna mtu anakuja.

"Hakuna mtu," alisema. "Ni ya Ngalo. Mume wangu. Alifariki zamani."

"Pole sana, mama."

"Mimi nilishatibiwa," alisema, akaendelea kula. "Nilitoa kofia yake. Ndicho kitu pekee alichoacha ambacho kilikuwa na harufu yake. Wakailoweka, wakapunguza, wakatikisa, wakanipa chupa. Nikanywa."

"Ukapona?"

Alifikiri. "Nililia sana. Wakaniambia kulia ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Kisha nikaacha kulia, nikawa siwezi hata kutoka kitandani. Wakaniambia ni dalili kwamba imeshafanya kazi. Sijui, baba. Mimi ninachojua, mwanzoni nilikuwa na msiba na kofia. Sasa kofia sina."

Aliosha sahani mbili. Chakula cha ile ya tatu alikirudisha chunguni kwa kijiko, taratibu.

Kesho yake nilikwenda Jumba la Mtikiso, ambako hutengenezwa dawa. Ningeweza kugeuza njia baada ya yale niliyoyasikia, lakini mtu aliyechoka huchukua hata nafasi mbaya. Nilijiambia kwamba labda kwa Mama Kadimba walikosea vipimo.

Kazi ya tiba hufanyika hivi. Kitu cha marehemu kinalowekwa kwenye beseni. Kisha linachotwa tone moja la maji yale, linatiwa kwenye beseni jingine la maji safi, na afisa analitikisa kwa kuligongesha kwenye goti lake. Kutoka hapo linachotwa tone jingine, linatiwa kwingine, na kutikiswa tena. Wanaendelea hivyo mpaka mtu mwenye macho makali kuliko wote nchini atazame na aape kwamba hakuna kitu. Hapo ndipo wanasema dawa imeanza kuwa dawa. Baada ya hapo wanaendelea tena.

Afisa wa kuloweka alikuwa Mheshimiwa Daktari Maliwa, mtu wa vyeo viwili tu, mpole, mwenye mikono iliyokunyaa kwa maji.

"Umeleta nini?"

Nilifungua kitambaa nikamwonyesha.

"Marehemu ni nani wako?"

"Mke wangu."

"Alikuwa anaumwa?"

"Alikuwa anafua."

Alitikisa kichwa kwa huruma, akaipokea sabuni kwa mikono miwili, na kabla sijasema neno akaitumbukiza kwenye beseni. Sikutegemea kwamba ingekuwa papo hapo. Nilidhani kutakuwa na maswali.

"Ngoja kwanza," nilisema.

"Imeshaingia, baba."

"Sasa mtatikisa lini?"

Hapo akaniambia jambo ambalo lilipaswa kusemwa langoni. Kutikisa kulikuwa kumesimamishwa. Baraza la nchi lilikuwa likijadili maneno ya tiba, kwa kuwa kundi moja lilitaka yabadilishwe na kundi jingine lilikataa, na neno "kutikisa" lilikuwa mojawapo. Maadamu neno halijapitishwa, tendo lake haliwezi kufanyika.

"Lakini mmeloweka."

"Kuloweka hakuna ubishi. Kwa hiyo tunaloweka."

Nikatazama ukumbi. Mabeseni yalipangwa mpaka mwisho wa ukuta. Ndani yake mlikuwa na vitana, khanga, miwani, mkongojo uliochomoza nje, kiatu cha mtoto. Wenye vitu walikaa kwenye mabenchi. Bibi mmoja aliniambia kwamba alipofika kuta zilikuwa za kijani, zikapakwa nyeupe, na sasa nyeupe inabanduka.

"Bwana Maliwa," nilisema, nikasahau vyeo vyake. "Kitana kitakaa kwenye maji hata kama Baraza litazeeka. Sabuni haitakaa."

"Kila kitu ni kitu," alijibu.

Maji yalikuwa yameanza kubadilika rangi. Nilitoka mbio kwenda kwenye Baraza.

Baraza la Matoneni linakutana katika ukumbi mzuri wenye kiti kikubwa mbele, na kiti hicho hakina mtu. Mwasisi wa tiba alikikalia alipokuwa hai. Alipofariki walimweka mwanawe, ambaye ni nusu yake, na wakaona nchi inatulia. Wakamweka mjukuu, ambaye ni robo, na nchi ikatulia zaidi. Wakaamua kuimaliza kazi. Tangu hapo kiti kinatawala kikiwa kitupu, na hakijawahi kufanya kosa.

Nilipoingia, alikuwa akizungumza mwanamke aitwaye Bi Zamoyo, kiongozi wa wale wanaotaka mabadiliko. Kwa muda mrefu Wamatoneni wameamini kwamba kinachobaki ndani ya chupa baada ya kitu kwisha ni nguvu ya uhai. Hivyo ndivyo Mwasisi alivyoiita. Bi Zamoyo alitaka iitwe kumbukumbu ya maji.

"Wanatucheka," alisema. "Wasomi wa nchi jirani wanatuambia, hiyo nguvu iko sehemu gani ya chupa, tuonyesheni. Hatuna la kujibu. Tukisema maji yanakumbuka, watanyamaza, maana hata wao hawajui maji yanawaza nini."

"Yanakumbuka nini?" mjumbe mmoja mnene aliuliza kutoka nyuma.

"Yalichokutana nacho."

"Maji ya mto wetu yamekutana na ng'ombe wa Mzee Tindwa tangu asubuhi. Na hayo yanakumbuka?"

Ukumbi ukacheka.

"Hayo hayakutikiswa," alisema Bi Zamoyo.

"Hujawaona ng'ombe wangu wakivuka," akasema mzee mmoja, akisimama. Huyo ndiye Mzee Tindwa mwenyewe, kiongozi wa wale waliokataa kubadili chochote. Alisubiri kicheko kitulie. "Zamoyo, mwanangu, nimekubeba mgongoni ukiwa huna meno."

"Baba mdogo, tuko barazani."

"Najua tuko wapi. Nakuuliza kitu kidogo. Watu wamekunywa nguvu ya uhai tangu enzi za Mwasisi. Leo ukibadili jina, walichokunywa kitakuwa nini? Kitabadilika matumboni mwao?"

"Kilikuwa kumbukumbu tangu mwanzo. Hatukujua tu."

"Kwa hiyo Mwasisi hakujua alichokuwa anakifanya?"

Pakazuka kelele. Wengine walisimama juu ya viti. Bi Zamoyo alilazimika kupaza sauti kusema kwamba anamheshimu Mwasisi kuliko mtu yeyote ukumbini, na kwamba kanuni hazibadiliki, kinachobadilika ni namna ya kuzisema. Mzee Tindwa akasema aliyeanza kwa kubadili kibao cha mlangoni ataishia kubadili nyumba. Nilisikiliza kwa makini, kwa sababu sabuni yangu ilikuwa ndani ya maji, na baada ya muda nikagundua jambo. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba ndani ya chupa hamna kitu. Walichogombania ni jina la hicho ambacho hakimo.

Mwanamke mmoja kijana, nadhani alikuwa mjumbe mpya, aliinua mkono. "Naomba kuuliza. Tunaye mgonjwa hata mmoja aliyepona, tumwite hapa aseme?"

Msimamizi wa maneno aligonga meza. "Swali hilo lina neno 'mgonjwa', ambalo kundi moja linataka liwe 'mpokeaji'. Lina pia neno 'kupona', ambalo liko mwishoni mwa ajenda. Haliwezi kuulizwa kwa sasa."

Yule kijana akakaa.

Huko mgeni anaruhusiwa kuzungumza barazani kwa urefu anaotaka, kwa kuwa maneno mengi hayana nguvu. Wakubwa husema neno moja kwa kikao kizima, na mmoja wao anasifiwa kwa kuwa hajawahi kusema lolote. Mimi si msemaji, hata kwenye msiba wa mke wangu alizungumza kaka yangu. Lakini nilisimama.

Niliwaambia kwamba mke wangu alikuwa akiitwa Zilipa, na kwamba alifariki siku ya kufua. Niliwaambia sabuni yake iko kwenye beseni la Mheshimiwa Daktari Maliwa, na kwamba ndani ya sabuni hiyo kuna mahali palipobonyezwa na dole gumba lake, na kwamba mimi sina picha yake nzuri, ile iliyopo amefumba macho. Nikasema neno lolote watakalochagua mimi nalikubali, wachague leo. Na kama hawawezi kuchagua leo, wanirudishie sabuni yangu, niende.

Ukumbi mzima ulinigeukia. Nilidhani nimesikika.

"Ndugu wajumbe," alisema Bi Zamoyo, macho yakimng'aa, "mmemsikia mgeni? Alama ya dole inaingia ndani ya maji. Kama si kumbukumbu, ni nini hiyo?"

"Hakusema hivyo!" Mzee Tindwa alipiga kelele. "Amesema ni alama ya mkono wa mtu aliyekuwa hai. Aliyekuwa hai! Ni nguvu ya uhai, tena ametoka mbali kuja kutuambia!"

"Dole linakumbukwa!"

"Dole linaishi!"

Wakagombania dole gumba la Zilipa, huku wamenipa kisogo. Mwishowe walikigeukia kiti wakakiomba uamuzi. Kiti kikakaa kimya. Kundi la Bi Zamoyo likapiga makofi kwa kuwa kiti hakikuwapinga, na kundi la Mzee Tindwa likapiga makofi kwa sababu hiyo hiyo. Ikaundwa kamati ya kulishughulikia suala la dole, na kikao kikaahirishwa hadi kamati hiyo itakapopata jina.

Nilirudi kwenye Jumba la Mtikiso kwa miguu mizito. Maji ya beseni langu yalikuwa meupe kama uji mwepesi. Niliingiza mkono, na Mheshimiwa Daktari Maliwa akanishika kifundo cha mkono, si kwa ukali.

"Kilichoingia majini hakitolewi, baba. Dawa hii sasa ni ya Baraza."

"Nirudishie sabuni yangu."

"Siwezi. Sheria ni ya zamani kuliko sisi sote."

Nilikaa chini pembeni mwa beseni. Nililiona lile umbo likiwa chini ya maji, limekuwa jembamba. Sikuwa na hoja. Nadhani kama ningekuwa na hoja ningeshindwa, kwa sababu yeye alikuwa nazo nyingi. Nilisema tu kile nilichokuwa nakitaka.

"Sitaki dawa. Baraza lichukue maji yote. Mimi nataka hicho kigumu kilichobaki."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Hicho? Hicho si kitu. Nguvu imeshahamia kwenye maji. Hicho ni takataka."

"Takataka mnazipeleka wapi?"

"Tunazitupa nyuma. Kila beseni likichotwa tone lake, kilichobaki tunatupa."

"Basi chota tone lako. Kuchota kuna ubishi?"

Aliwaza. "Kuchota hakuna."

"Chota, halafu utupe takataka."

Hakukuwa na sheria ya kumzuia. Alichota tone moja kwa umakini mkubwa, akalitia kwenye kichupa, akakifunga kwa kizibo. Kisha akachukua koleo, akainyanyua sabuni ya Zilipa ikichuruzika, akafungua dirisha la nyuma na kuitupa. Alikuwa akinionea huruma kama mtu anavyomwonea huruma anayekula maganda na kuacha ndizi.

"Chupa yako tutakutunzia," alisema.

Nilikuwa nimeshatoka.

Nyuma ya Jumba la Mtikiso kuna kilima. Nilipokikaribia nikaona si kilima cha udongo. Ni kofia, vitana, viatu, mikongojo, miwani, redio ndogo, mikufu ya shanga, kikombe cha bati chenye jina la mtu. Vitu vyote vilivyowahi kulowekwa vimelala pale, vingine vimeota nyasi. Hakuna kilichoyeyuka, kwa sababu vitu vingi haviyeyuki. Uwanja ule hauna uzio wala mlinzi. Kisheria hapana kitu, na hakuna mtu anayezungushia uzio mahali pasipo na kitu. Watu walikuwa wakipita njiani karibu kabisa, na macho yao yakipita juu ya kilima kile bila kusimama.

Sabuni niliikuta juu ya gauni la bluu. Niliifuta kwa shati langu. Kibonyeo kilikuwa bado kipo, kidogo sana, kama kivuli tu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Kadimba. Alikuwa jikoni, mlango umefungwa.

"Mama, kofia ya mumeo iko nyuma ya Jumba."

"Haipo," alisema bila kugeuka. "Ilikwisha. Walinionyesha chupa, haikuwa na kitu."

"Chupa haikuwa na kitu kwa sababu kofia haikuwa kwenye chupa."

Alisimama na mwiko mkononi. Aliinamia moto, akatoa kuni moja baada ya nyingine, akazizima kwenye majivu.

"Niliibadilisha bitana kwa ndani," alisema. "Uzi mweusi ulikuwa umekwisha, nikatumia wa kijani. Alinung'unika wiki nzima. Anasema, mke wangu, unataka watu wadhani nimevaa mboga."

Akacheka, na mkono wake ukaenda ukutani.

Tulikwenda wote. Alipofika pembeni ya kilima alisimama kama mtu aliyefika ukingoni mwa mto. "Hapa hapana kitu," alisema, kwa sauti ya kusoma darasani. Kisha akavua kandambili, akapanda. Kofia zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Aliokota moja, akaigeuza nje ndani, akatazama mshono, akaiweka pembeni vizuri, hakuitupa. Akaokota nyingine. Nilianza kumsaidia, akanizuia.

"Uzi wangu naujua mwenyewe. Wewe nenda, baba. Ulichokifuata umekipata."

"Utamaliza leo?"

"Mimi nina haraka gani?"

Nilimwacha akipekua. Nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa ameishika kofia moja karibu sana na macho. Kisha nayo akaiweka pembeni.

Langoni, yule mlinzi mwenye vyeo vingi alinitazama mikononi. Nilikuja na kipande cha sabuni kinachojaza kiganja, na sasa nilikuwa na kitu kinachoenea kwenye vidole viwili. Kwa hesabu za nchi yao nilikuwa nimepanda sana. Alisimama wima, akakohoa kidogo. Sikujua la kufanya. Nami nikakohoa.

Atuganile alikuja siku niliyorudi. Alikuwa amefagia uwanja na kunyoosha kamba ya nguo iliyokuwa imelegea. Aliniuliza kama nimepona. Nikamwambia neno hilo bado liko kwenye ajenda. Alicheka kwanza, kisha akanitazama usoni akaacha, akaingia ndani kutenga chai. Aliweka majani mengi. Tulikunywa, na tulipomaliza aliosha vikombe, akavifunika, akaenda kwake kabla mvua haijaanza.

Jumamosi nafua mwenyewe, kwenye jiwe lile lile. Sabuni ya Zilipa iko kwenye kisahani dirishani. Imekauka na ina ufa katikati. Ya kufulia nanunua nyingine.